Dawa Kwenye Kibanda cha Upepo

Tik, tik, tik, kama mtu anayetia ufunguo saa ndogo ya mezani. Ndiyo sauti iliyonibakia ya Machi ile. Nilikuwa uani nikianua shuka, na sauti ilitoka kwenye kibanda cha upepo cha jirani yangu Sunnvør. Vibanda hivi vya kukaushia nyama ya kondoo vina kuta za mbao nyembamba zilizoachiana nafasi ya kidole, upepo wa bahari uingie huku utokee kule, kwa hiyo hakuna sauti inayojificha humo. Nilisikia pumzi ikivutwa, ikashikwa, ikaachiwa polepole. Kisha Sunnvør akatoka, akatia kulabu mlangoni, akaniona.

“Nyama inaendeleaje?” nikamuuliza.

“Ndani bado mbichi.”

“Upepo wa mwaka huu una maji.”

“Una maji kweli,” akasema, akaingia kwake.

Nami nikakunja shuka yangu nikaingia kwangu. Yaliyokuwa mle kibandani niliyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe, na alinipa ruhusa niyaseme.

Sunnvør alikuwa na miaka thelathini na saba. Alizaliwa visiwa vya kaskazini, akaolewa hapa kijijini na Hanus, mtoto wa mwisho wa Elspa. Hanus ni mtu wa meli kubwa za uvuvi: wiki nane yuko baharini karibu na barafu, wiki nne yuko nyumbani. Miaka kumi na mmoja ya ndoa yao, ukiitoa bahari, inabaki miaka isiyotimia minne. Nyumba waliyokaa ndimo Elspa alimozalia watoto wake watano. Yeye alihamia nyumba ndogo ya chini, karibu na kanisa, lakini miguu yake haikuhama. Kila siku ilipanda.

Kazi ya Sunnvør ilikuwa kwenye kiwanda cha samaki, kwenye meza ya taa. Ni meza ya kioo cheupe chenye taa chini yake. Minofu ya chewa inapita juu ya kioo, nyama inang'aa kama ukucha, na mnyoo ukiwemo unaonekana kama uzi mweusi. Sunnvør anautoa kwa ncha ya kisu, mnofu unakwenda, mwingine unakuja. Kwa miaka kumi na mitano. Wenzake walisema kiwandani hakuna mwenye macho kama yake. Ndiyo maana siku daktari alipowasha skrini ya kupimia tumbo lake, Sunnvør aliona kabla ya kuambiwa: duara la kijivu upande wa kulia, limejaa, limetulia, kama mtungi uliozibwa mdomo.

Maumivu aliyajua tangu ana miaka kumi na minne. Mama yake alimwambia, “Sisi sote tuliumwa, utazoea.” Akazoea kulala juu ya sakafu ya bafu kwa sababu ina ubaridi. Akazoea kuchuchumaa nyuma ya mapipa ya barafu kiwandani hadi msimamizi apite. Alipofika miaka ishirini na minane ndipo mtu alipompa jina la ugonjwa: endometriosisi. Daktari alimweleza kwamba utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba umeota mahali pasipo pake, na kila mwezi unatoa damu isiyo na mlango wa kutokea. Kwake yeye damu hiyo ilikuwa imejikusanya ndani ya ovari, mwezi juu ya mwezi, ikawa nzito na nyeusi kama chokoleti iliyoyeyuka. Ovari ya kushoto wakaitoa. Ya kulia wakaisafisha wakaiacha, nayo baada ya miaka michache ikaanza kujaa upya.

“Kama mnataka mtoto,” daktari alisema, “msikawie.”

Hawakukawia. Kwa njia ya kawaida hakikushika kitu, wakaingia kwenye matibabu ya uzazi: sindano tumboni kila jioni ili mayai yakue, kisha ndege hadi Kopenhagen mayai yakavunwe na kukutanishwa na mbegu za Hanus, ambazo ziligandishwa huko zikae zikingoja wakati mwenyewe yuko baharini. Majaribio matatu, ndivyo walivyokubaliana na madaktari. Baada ya hapo, kwa kuwa ule uvimbe ulikuwa unazidi kukua na kumtesa, ovari ya kulia nayo ingetolewa.

Jaribio la kwanza kijiji kizima kilijua. Huku kwetu Faroe mlango haubishwi. Unafungua, unasema habari za humu, unavua viatu, na maji ya kahawa yanawekwa motoni. Ukiwa umeleta samaki na mwenyewe hayupo, unafungua friji yake, unasogeza maziwa yake, unaweka samaki wako, unakwenda zako. Friji ya mtu hapa ni kabati la kijiji. Basi Sunnvør aliporudi Kopenhagen akiwa amewekewa kiinitete kimoja, siku kumi na nne za kungoja alizingoja pamoja nasi sote. Elspa alifuma soksi za mtoto, za sufu ya kijivu, pea tatu. Wanawake walimwambia asibebe ndoo. Wanaume walimwondolea theluji mlangoni.

Siku ya kumi na mbili akatoka damu. Tukaja. Tulikuja siku tatu mfululizo, kama tunavyokwenda msibani, na maandazi na chapati za maziwa.

“Bado kijana wewe,” mmoja alimwambia.

“Dada yangu, mtoto wake wa kwanza alimpata ana arobaini na miwili. Na kanene kweli.”

“Labda unasimama mno pale kiwandani.”

“Labda Hanus ndiye asiyesimama vya kutosha,” akasema mwingine, na jikoni kukawa na kicheko.

Sunnvør naye alicheka, akazunguka na birika. Tulipoondoka aliosha vikombe kumi na vinne. Kimoja kilikuwa changu. Aliniambia baadaye, “Mfiwa nilikuwa mimi, na mpishi wa matanga nilikuwa mimi.” Hakulisema kwa lawama, na ndiyo maana limenikaa.

Jaribio la pili alinyamaza. Aliweka dawa kwenye friji, nyuma ya chupa za jamu, akidhani pale hapafikiki. Siku ya tatu Elspa alipanda na bakuli la maini ya samaki, akatafuta pa kuliweka, akasogeza jamu.

“Kumbe mmeanza tena,” alisema, na macho yake yakajaa. “Mwanangu, ungeniambia ningefunga na kuomba.”

Jioni ile ile watu wakajua. Jaribio la pili nalo likatoka, na vikombe vikawa kumi na saba.

La tatu ndilo la mwisho. Hanus alipiga simu kutoka melini, sauti yake ikija na kupotea.

“Mwambie mama safari hii,” alisema. “Usikae na jambo kubwa hivyo peke yako.”

“Nitamwambia likishika.”

“Na lisiposhika?”

“Lisiposhika kutakuwa hakuna la kumwambia.”

Akachukua dawa zote, zile kalamu za sindano ambazo unazungusha kichwa chake zikuhesabie kipimo, tik, tik, tik, akazitia kwenye kopo la biskuti, akalipeleka kwenye kibanda cha upepo. Akaliweka kati ya mapaja ya kondoo yaliyoning'inia. Msimdhanie mjinga. Kila mtu hapa anajua kwamba kibanda cha upepo ni friji ya mababu. Bahari inatushika mkono kipupwe chote: kibandani hakuna joto, na baridi ya kugandisha ni mgeni wa nadra. Karatasi ya dawa ilisema kati ya nyuzi mbili na nane. Alitundika kipimajoto siku nne kabla ya kuanza, akikisoma asubuhi na jioni. Tatu, nne, tano, nne. Akaridhika. Kibanda kile hatukukiingia sisi majirani, maana nyama ya mtu haiguswi kabla haijaiva. Aliyekiingia ni mmoja tu, na yeye aliingia kwa ajili ya viazi.

Elspa alikuwa amepanga mle viazi vya mbegu, makasha manne, vichipue kabla ya kupandwa Aprili. Siku ya tatu ya sindano alikuja jikoni akiwa na udongo kwenye vidole.

“Sunnvør, lile kopo la biskuti kule kwenye nyama ni la nini? Nilifungua nikidhani biskuti. Kumbe masindano.”

Sunnvør alikuwa anamenya. Kisu kilisimama, kikaendelea. “Ya kondoo.”

“Ya minyoo?”

“Ya minyoo.”

“Ajabu. Huyo mwanangu kondoo wake huwadunga wakishakufa. Mwaka huu amewahi kiasi hicho?”

“Alinunua kabla hajaondoka.”

“Basi baharini kumemfunza akili, sisi tulishindwa.” Elspa akacheka, akajimiminia kahawa. “Miwani nimeiacha nyumbani, ningekusomea namna ya kuwadunga. Usije ukamdunga yule mweusi. Yule hana faida ya dawa.”

“Sawa, mama.”

Jioni hiyo, baada ya Elspa kushuka, Sunnvør alikwenda kibandani kama kawaida. Alizungusha kalamu, akafunua sweta, akajidunga pembeni ya kitovu, akahesabu hadi kumi huku upepo ukimpitia kati ya mbao. Alisema hapo ndipo alipokuwa mpweke kuliko siku zote, na hapo hapo alipojisikia huru. Nyama za kondoo zilimzunguka na hakuna hata moja iliyomuuliza kitu.

Siku ya tano upepo ulikufa. Yeyote aliyekaa huku anajua maana yake: upepo ukifa na mbingu ikiwa safi mwezi wa Machi, baridi inashuka kama mtu anayejua anakokwenda. Redio ilisema nyuzi saba chini ya sifuri. Sunnvør hakuisikia redio. Alitoka kiwandani na tumbo limevimba, upande wa kulia ukimchoma kama mtu ameacha kijinga cha moto mle. Akajidunga mapema, akameza vidonge viwili vya maumivu, saa moja jioni akawa amelala juu ya kochi na nguo zake za kazi.

Elspa aliisikia redio. Alipanda na tochi, akafungua mlango wa jikoni, akamwona mkwewe amelala, akamfunika blanketi. Hakumwamsha. Akaenda kibandani kuviokoa viazi. Lile kopo lilikuwa juu ya kasha la pili. Akalishika, akaliweka juu ya boriti, akabeba makasha yake moja moja hadi sebuleni kwa Sunnvør, mizunguko minne, mzee wa miaka sabini na minne. Kisha akatia kulabu, akashuka kwake.

Asubuhi Sunnvør alikuta viazi vimepangwa sebuleni na hakuelewa. Akatoka nje. Ndoo ya uani ilikuwa na barafu ya unene wa kiganja. Alikimbia kibandani, akalikuta kopo juu ya boriti. Ndani ya kalamu dawa ilikuwa nyeupe, imeshikana.

Alizitia zote ndani ya sweta, kwenye ngozi, akaketi juu ya ngazi ya jikoni akizipa joto la mwili wake. Baada ya nusu saa ziliyeyuka. Akainua kalamu moja moja kwenye mwanga wa dirisha, vile anavyoangalia mnofu, akaigeuza huku na huku akitafuta doa, uzi, wingu. Maji yalikuwa safi kama ya chemchemi. Macho yale ambayo kiwanda kizima kiliyaamini hayakuona kitu.

Alijua ilimpasa kupiga simu hospitali ya mjini Tórshavn. Nambari ilikuwa ukutani. Lakini anayepokea simu kwenye kitengo kile ni Rakul, binti wa mwenye duka letu la kijijini, na Sunnvør aliiona habari ikitembea: simu, duka, kahawa, vikombe. Rakul hajawahi kutoa siri ya mgonjwa hata moja, hilo nalisema mimi niliyemjua tangu anatambaa. Lakini woga haumuulizi mtu sifa zake. Sunnvør akajiambia: zimekuwa safi. Akazirudisha kwenye kopo, na jioni akazungusha kichwa cha kalamu.

Hiyo ndiyo jioni niliyokuwa naanua shuka.

Siku ya tisa aliendesha gari hadi mjini kupimwa. Daktari alikuwa mama mmoja Mdenishi mwenye sauti ya upole, anayeongea lugha yetu kwa kuipapasa. Rakul alisimama karibu na mashine. Sunnvør alitazama skrini. Palipaswa kuwa na vifuko vyeusi vya mayai vimeiva, vitano, sita. Palikuwa na viwili vidogo kama punje za pilipili manga, na kando yao ule mtungi wa kijivu, umejaa, umetulia.

Daktari alipima mara mbili. Kisha akavua glavu.

“Dawa umekuwa ukijidunga kila siku?”

“Kila siku.”

“Umeihifadhi wapi?”

Rakul alikuwa anaandika. Kalamu yake ilisimama ikingoja neno.

“Kwenye friji,” Sunnvør akasema.

Kalamu ikaandika friji.

“Basi ovari yenyewe imechoka, mpendwa,” daktari akasema, akamshika bega. “Ule ugonjwa umeila. Umejitahidi sana. Hii ilikuwa ya tatu, na mimi sioni sababu ya kuendelea kukuumiza. Tutaitoa mwezi wa Mei, na maumivu yatapungua. Kuna njia nyingine za kuwa mama. Tutaziongea.”

Sunnvør alisema ahsante. Alivaa soksi, akavaa viatu, akaendesha kupitia handaki lote la chini ya bahari bila kuwasha redio. Alijua jambo ambalo yule daktari hakulijua: kwamba ovari yake haikuulizwa swali hadi mwisho. Jioni tatu za mwisho ilidungwa maji. Pengine ilikuwa imechoka kweli, pengine haikuwa. Na akinyamaza, mwezi wa Mei wataitoa bila kujua, na neno friji litakaa kwenye faili lake.

Hanus alipiga simu. “Imekuwaje?”

“Haikufaulu.”

Mlio wa bahari ukaingia kati yao, ukakaa. “Tutaongea nikirudi,” akasema. “Umekula?”

“Nimekula.”

Hakuwa amekula. Kwa wiki mbili alikwenda kazini, akarudi, akakaa. Alitoa minyoo kwenye minofu ya watu asiowajua wa nchi asizozijua. Msimamizi akamwambia, “Leo umenipitishia miwili, Sunnvør. Unaumwa?” Akasema haumwi. Sisi majirani tuliingia tukatoka, tukaweka samaki kwenye friji yake, tukamsifu kwa kukonda. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na jambo, kwa hiyo hakuna aliyekosea, na hiyo ndiyo namna ya upweke isiyo na mtu wa kumlaumu.

Jumapili moja baada ya ibada Elspa alifungua mlango na keki chini ya kitambaa.

“Kahawa iko?”

“Iko, mama.”

“Nimetoka kuwatazama kondoo. Wote wana mimba isipokuwa yule mweusi.” Alikata keki vipande vinene. “Mwaka wa tatu huu. Anakula majani kama wenzake, anazaa upepo. Mwambie Hanus vuli amchinje, angalau tupate soseji.”

Sunnvør alimimina kahawa.

“Au mdunge hiyo dawa yenu ya biskuti,” Elspa akasema, akicheka mwenyewe. “Labda ni mnyoo unaomzuia kushika mimba.”

“Haikuwa ya kondoo.”

“Eh?”

“Ile dawa, mama. Haikuwa ya kondoo. Ilikuwa yangu.”

Elspa aliweka kisu chini. Alimtazama mkwewe usoni, kisha tumboni, kisha akatazama sebuleni, ambako makasha ya viazi yalikuwa bado yamepangwa chini ya dirisha. Machipukizi yake yalikuwa mazuri, manene, ya zambarau.

“Usiku ule wa baridi,” akasema, “nililishika.”

“Najua.”

“Nilikuwa nalo mkononi. Nikaliweka juu ya boriti, nikabeba viazi.” Akakunja kitambaa cha keki. “Nilisema moyoni, dawa ya kondoo hununuliwa nyingine.”

“Hukujua, mama. Mimi ndiye niliyekuficha.”

“Ndiyo,” Elspa akasema. “Ulinificha.”

Hakumkumbatia. Watu wetu hawakumbatiani kirahisi, na yeye ni wa kizazi cha zamani zaidi. Aliinuka, akaosha kikombe chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile tangu aitoke, akakifuta, akakirudisha rafuni. Akashuka kwake bila kumaliza keki.

Siku sita hakupanda. Nilidhani anaumwa, nikaenda kumwona, akaniambia magoti. Siku ya saba nilikuwa dirishani nikamwona anakuja polepole na fimbo. Alifika mlangoni kwa Sunnvør. Akasimama. Kisha akainua mkono akabisha, mara tatu, akangoja.

Sijawahi kuona jambo kama hilo hapa. Ni mchungaji wa kanisa pekee anayebisha, na siku hizo anakuwa ameleta habari ya meli iliyopotea. Sunnvør alishuka ngazi akiwa amekwisha kugeuka rangi. Alipofungua akamwona mama mkwe wake amesimama nje kama mgeni.

“Kuna nini? Hanus?”

“Hanus mzima. Niingie?”

“Mama, kwani lini umeanza kuuliza?”

“Nimeanza leo,” Elspa akasema, akaingia, akaketi kwenye benchi bila kuvua koti. “Hospitali umewaambia kwamba iliganda?”

“Bado.”

“Mei hiyo ya upasuaji ni baada ya wiki ngapi?”

“Tatu. Nani amekwambia?”

“Mwanangu aliniambia kwa simu. Nilimbana. Tangu utoto hajui kunidanganya, wewe ndiye hodari.” Akaitazama fimbo yake. “Kwa nini hujawaambia?”

“Simu anapokea Rakul.”

“Rakul wa dukani.”

“Ndiyo.”

“Basi ngoja nikuulize. Mimi ndiye mama yake Hanus, na ndimi mwenye mdomo mkubwa kuliko wote kijijini, hilo nalijua, wala sihitaji kuambiwa. Mimi umeshaniambia. Sasa nani amebaki wa kumwogopa?”

Sunnvør aliketi. Akasimama. Akauendea ukuta kwenye ile nambari, akapiga. Elspa alitaka kuondoka, Sunnvør akamwonyesha kwa mkono akae, kisha akampa mgongo.

“Rakul? Ni Sunnvør. Nataka kurekebisha kitu kwenye faili langu.”

“Sema, dada.”

“Dawa iliganda. Siku ya tano. Nikaiyeyusha nikaendelea nayo.”

Upande wa pili ulisikika mlio wa kiti kikisogezwa. “Yote?”

“Yote.”

“Ikishaganda inakufa, dada, hata ikirudi kuwa safi. Ulikuwa unajidunga maji tu.” Rakul alisema polepole, kama mtu anayeshuka jabali lenye utelezi. “Nisikilize. Mimi siwezi kukuahidi. Uvimbe wako ni mkubwa, na daktari anaweza kusema hapana. Lakini hili likiandikwa, atalazimika kulifikiria upya kabla ya Mei, kwa maana hapo ovari haikushindwa, haikupewa dawa yote. Jaribio la tatu linaweza kurudiwa. Lisipoandikwa, mambo yanabaki yalivyo. Unanielewa?”

“Nakuelewa.”

“Basi lazima niandike ilivyokuwa. Hapa pameandikwa friji.”

“Haikuwa friji. Ilikuwa kwenye kibanda.”

“Kibanda cha nyama?”

“Cha nyama.”

Rakul amekulia hapa. Anazijua mbao zile na upepo ule, na hakucheka. Sunnvør alisikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha vikasimama.

“Daktari ataniuliza, dada. Una friji nzima jikoni. Kwa nini ulipeleka kibandani?”

Elspa kule kwenye benchi aliinamisha kichwa. Sunnvør aliegemeza paji la uso ukutani, kando ya ile nambari. Ndipo akajibu, kwa sauti ndogo iliyobaki karibu na midomo yake.

“Nilitaka kungoja peke yangu,” akasema. “Nimeshindwa.”